Kupanda Waverley kwa mara ya kwanza: mwongozo wa safari ya meli ya mvuke pwani ya Uskoti

Kila kiangazi kikikaribia, Waswahili wa Glasgow na Edinburgh, na hata wa London, huuliza yale yale. Ile meli yenye dohani mbili nyekundu inapandiwa wapi? Pasi inatakiwa? Chakula cha halali kipo? Mama amekuja kutoka Tanga, ataziweza ngazi? Na mtu akiachwa kisiwani je? Nimeyapanga majibu kwa mfuatano wa safari yenyewe, tangu kuchagua siku hadi kurudi nyumbani.

Kwanza ujue unapanda nini. Waverley ni meli ya abiria inayosukumwa na magurudumu mawili ya makasia, moja kila ubavu, yanayozungushwa na injini ya mvuke. Ndiyo ya mwisho ya aina yake duniani inayobeba abiria baharini. Ilishushwa majini Glasgow tarehe 2 Oktoba 1946 na ikaanza kazi Juni 1947, kushika nafasi ya Waverley ya zamani iliyozamishwa Dunkirk mwaka 1940. Mwaka 1974, ilipoonekana haina faida tena, iliuzwa kwa pauni moja kwa chama cha wapenzi wa meli za makasia, na mpaka leo inaendeshwa kwa nauli na michango. Historia inatosha hapo.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo lazima ulijue, kwa sababu ndilo litakaloamua siku yako. Magurudumu yote mawili yamefungwa kwenye mhimili mmoja. Nahodha hawezi kurudisha moja nyuma huku lingine likienda mbele, kwa hiyo meli haigeuki kirahisi mahali finyu. Upepo ukisukuma ubavuni, kufunga gati inakuwa kazi ngumu, na mara nyingine nahodha huamua kuiruka bandari nzima. Ratiba ya Waverley ichukue kama miadi ya uvuvi: watu wana nia njema, lakini mwenye neno la mwisho ni upepo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tiketi, kwenye simu na pia kwenye karatasi. Simu huisha chaji siku ndefu kama hii.
- Jaketi la kuzuia upepo na mvua, pamoja na sweta. Mwezi wa saba mchana wa pwani hii huwa nyuzi 15 hadi 19 hivi, na ukisimama sitahani upepo unapunguza nyingine kadhaa. Mwavuli acha nyumbani, utageuka nje ndani.
- Viatu bapa visivyoteleza. Sitaha ni ya mbao na hulowa.
- Dawa ya kichefuchefu, kama gari tu hukuchafua.
- Chakula chako, kama unakula halali tu au una watoto wachaguzi.
- Kadi ya benki na pesa taslimu kidogo. Noti za benki za Uskoti ni pesa halali ya kutumia, ila ukienda nazo London utakutana na muuza duka anayezigeuza geuza kwenye mwanga.
- Namba ya simu ya ofisi ya meli, iliyohifadhiwa kabla ya siku ya safari.

Pasi haihitajiki. Safari zote ni ndani ya Uingereza na hakuna uhamiaji gatini. Mgeni aliyekuja kwa viza ya matembezi anapanda kama mwenyeji, ingawa kuwa na kitambulisho mfukoni hakudhuru.

Hatua ya 1: Chagua bandari kwanza, tarehe baadaye

Watu wengi hufanya kinyume. Wanaona Jumamosi wako huru, wanakata tiketi ya Jumamosi, kisha wanagundua kwamba siku hiyo meli inaanzia Ayr. Waverley haikai mahali pamoja. Msimu wake huanza mwishoni mwa Mei na kuisha Oktoba. Mwanzoni huelekea Oban na visiwa vya magharibi, katikati ya kiangazi huwa kwenye mto Clyde na ghuba yake, kisha hushuka kusini: mlango wa Bristol, pwani ya Wight na Portsmouth, na mwisho mto Thames.

Kwa anayeanza, napendekeza Clyde, na hasa safari ya Glasgow kwenda Rothesay, kisiwa cha Bute. Utaona mto, viwanda vya meli, milima na bahari kwa siku moja, na karibu kila bandari ya njiani ina treni au kivuko cha kukurudisha mambo yakiharibika.

Kama una watoto wadogo, anzia Greenock au Largs badala ya Glasgow. Mtoni meli hutembea polepole, na kutoka Glasgow hadi Greenock ni kama saa mbili. Mtu mzima anayependa historia atazifurahia. Mtoto wa miaka minne atakuwa amekula vitafunio vyote kabla hamjafika daraja la Erskine.

Anayeishi London asubiri mwisho wa Septemba na Oktoba, meli inapokuja Thames. Hupakia karibu na ngome ya Tower of London, na daraja la Tower Bridge hufunguliwa ili ipite, milingoti na dohani zake. Mlango wa Bristol (Penarth, Clevedon, Ilfracombe) ni mzuri sana, lakini si wa kuanzia. Maji ya huko hupanda na kushuka hata mita 14 siku za bamvua, kwa hiyo saa za kuondoka hubadilika badilika, na bahari ya nje huchafuka.

Safari nyingine ya kuweka akilini kwa baadaye ni ya Campbeltown, mji ulio karibu na ncha ya rasi ya Kintyre. Hapo ndipo alipozaliwa William Mackinnon mwaka 1823, yule mwenye kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 kutawala biashara ya Afrika Mashariki. Ukisafiri kwa basi kutoka Mombasa kwenda Voi unapita mji wenye jina lake, Mackinnon Road. Ni mji mdogo sana kuzaa mtu aliyetuletea mambo makubwa hivyo.

Hatua ya 2: Soma ratiba taratibu

Ratiba huorodhesha bandari kwa saa za kwenda na saa za kurudi. Maneno mawili huwachanganya wageni: kuna abiria wanaoshuka kukaa nchi kavu, na kuna wanaobaki melini kwa mzunguko. Mfano wa kawaida ni Rothesay. Meli inafika, baadhi wanashuka kutembea mjini, na wengine wanaendelea nayo kwenye mlangobahari wa Kyles of Bute, kisha meli inarudi kuwachukua walioshuka. Huwezi kufanya yote mawili siku hiyo hiyo. Wakati wa kukata tiketi utaulizwa unataka lipi, na nauli ya mzunguko huwa juu zaidi.

Ushauri wangu: kama hujawahi kufika huko, baki melini. Kyles of Bute ni maji membamba yanayojipinda kati ya kisiwa na bara, na kuna mahali meli inapenya kati ya visiwa vidogo na maboya ukadhani itakwangua mawe. Rothesay unaweza kwenda siku yoyote kwa treni na kivuko, lakini kupita Kyles ukiwa juu ya meli ya mvuke ni jambo la Waverley peke yake.

Angalia: saa zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. 10:00 ni saa nne asubuhi na 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Najua unajua. Lakini mkimpigia mzee aliyetoka Pemba juzi na kumwambia "meli ni saa kumi", atajitokeza jioni na kikapu chake cha chakula.

Angalia pia kama tiketi ni ya kwenda na kurudi. Kuna safari za upande mmoja, ambapo kurudi ni kwa basi la kukodi au kwa utaratibu wako mwenyewe.

Hatua ya 3: Panga kurudi kabla hujalipa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nayo ndiyo huleta vilio. Kabla ya kulipa, jiulize: meli isiponirudisha, nitarudije? Majibu ya Clyde ni haya:

- Greenock: treni ya moja kwa moja hadi Glasgow Central.
- Dunoon: kivuko hadi Gourock, halafu treni.
- Rothesay: kivuko hadi Wemyss Bay. Kituo cha treni kimeungana na gati, unashuka chomboni na kuingia behewani chini ya paa moja.
- Largs: treni.
- Arran: kivuko hadi bara, kisha treni.
- Campbeltown: kwa kawaida basi, nalo ni safari ya saa nne na zaidi kwa barabara inayozunguka milima. Usiende Campbeltown kama kesho yake alfajiri una zamu ya kazi.

Kisha fikiria jioni. Meli ikirudi Glasgow kwa kuchelewa, treni za Edinburgh bado zipo hadi usiku. Za kwenda London mara nyingi huwa zimekwisha, isipokuwa treni ya kulala, nayo usiku wa Jumamosi haisafiri. Anayetoka mbali alale Glasgow. Kununua tiketi ya basi ya usiku yenye nafasi ya dakika arobaini baada ya meli kutia gati ni kujitafutia presha.

Hatua ya 4: Kata tiketi

Nunua kwenye tovuti ya meli yenyewe au kwa simu kwa ofisi yao. Siku zikiwa na nafasi unaweza kulipa melini, ila Jumamosi yenye jua ya mwezi wa saba usijaribu bahati. Weka namba ya simu na barua pepe unayoisoma kweli, kwa sababu taarifa ya mabadiliko itakuja huko.

Kama mnaye mtu wa kiti cha magurudumu au mzee mwenye magoti mabovu, piga simu kabla ya kulipa. Ngazi ya kupandia hulala au kusimama kulingana na maji: yakijaa huwa tambarare, yakipwa huwa mteremko. Ofisi itakwambia siku na bandari ipi inafaa. Ndani ya meli, ngazi za kupanda sitaha ya juu na kushuka chumba cha kulia ni kali, meli ni ya zama zake. Mama wa Tanga atakaa vizuri sitaha kuu bila kupanda wala kushuka, na injini ataiona kutoka hapo hapo.

Hatua ya 5: Fika gatini mapema

Glasgow, meli hufunga Pacific Quay, kando ya jumba la sayansi, Glasgow Science Centre. Panda treni hadi kituo cha Exhibition Centre, vuka mto kwa daraja la waenda kwa miguu la Bell's Bridge, na utaziona dohani: nyekundu, mkanda mweupe, juu nyeusi. Jipe nusu saa kabla ya kuondoka. Viti havina namba. Anayefika kwanza anachagua.

Asubuhi hiyo kabla hujatoka nyumbani, angalia taarifa za siku kwenye tovuti yao. Dakika mbili tu. Watu wamesafiri kutoka Aberdeen kuja kukuta gati tupu.

Hatua ya 6: Chagua mahali pa kukaa

Omo, yaani mbele ya meli, ni pazuri kwa picha na pabaya kwa mwili, upepo wote unakujia usoni. Karibu na dohani kuna joto, na wenyeji wanaozijua meli hizi hukimbilia hapo. Tezi, yaani nyuma ya meli, kumetulia zaidi na ndiko nashauri familia ziweke kambi. Chini kuna kumbi zenye madirisha, na baa. Safari ikinoga watu hunywa, hasa jioni ya kurudi, hivyo asiyependa makelele akae juu.

Angalia: mkikaribia gati, kila mtu hukimbilia ubavu mmoja kutazama. Meli inalala upande huo, gurudumu moja linazama zaidi na lingine linainuka, na usukani unakuwa mgumu wakati ule ule nahodha anapouhitaji. Ukisikia kwenye kipaza sauti abiria wanaombwa wahame upande wa pili, hama. Si adabu tu, ni kazi ya meli.

Kaa mbali na kamba mabaharia wanapofunga au kufungua. Kamba iliyovutika ikikatika haichagui nani ni mtalii.

Hatua ya 7: Mtoni, tazama huku na huku

Meli ikiondoka Glasgow inaelekea magharibi. Kulia ni ukingo wa kaskazini, kushoto wa kusini. Usiende kunywa chai dakika hizi.

Mara tu baada ya kuondoka, kulia, mto Kelvin unapoingia Clyde, pana jumba la makumbusho la Riverside na meli ya matanga Glenlee ya mwaka 1896. Hapo ndipo palipokuwa kiwanda cha A. & J. Inglis kilichoijenga Waverley. Meli inapita mahali ilipozaliwa. Kushoto ni Govan, ambako manowari bado zinajengwa.

Kidogo mbele, kulia, ni Scotstoun. Hapa simama, kwa sababu hapa pana letu. Kiwanda cha Yarrow cha Scotstoun ndicho kilichojenga meli ya Victoria ya Ziwa Victoria, ikapelekwa kwa vipande hadi Kisumu na kuunganishwa huko, ikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo ile ile inayofahamika leo Mwanza na Bukoba kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Na si hiyo peke yake. Mbele zaidi, kushoto, unaingia mto Cart unaotoka Paisley. Kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley kilijenga Clement Hill, Rusinga na Usoga, meli za ziwa za enzi za reli ya Uganda. Babu zetu waliopakia pamba na kahawa Kisumu na Port Bell walikuwa wanapanda vyuma vilivyofuliwa hapa.

Mkabala na mto Cart, kulia, ni Clydebank na ile kreni kubwa ya Titan ya mwaka 1907. Meli kubwa za abiria Queen Mary na Queen Elizabeth 2 zilishushwa hapo. Leo pana nyasi na majengo mapya, kreni imebaki peke yake.

Baada ya daraja la Erskine mto unapanuka. Mwamba mkubwa wa kulia wenye ngome ni Dumbarton, mji uliojenga meli ya matanga Cutty Sark. Kuanzia hapo unaweza kwenda kunywa chai.

Hatua ya 8: Shuka uone injini

Kwenye sitaha kuu kuna ujia kila upande wa injini, na hakuna kioo cha kukuzuia usisikie joto wala harufu ya mafuta. Injini ilitengenezwa na Rankin & Blackmore wa Greenock. Ina silinda tatu: mvuke unaingia ya kwanza ukiwa na nguvu zote, unatoka kwenda ya pili, kisha ya tatu iliyo pana kuliko zote, na kila hatua unatoa kazi kabla ya kupoa kuwa maji. Boila zilizopo ni mpya, ziliwekwa kabla ya meli kurudi kazini Agosti 2020, baada ya kukosa msimu mzima wa 2019. Zinachoma mafuta. Makaa yaliachwa tangu miaka ya 1950.

Wakati mzuri wa kuwa hapo ni meli inapokaribia gati. Kengele ya amri inalia kutoka darajani kwa nahodha, fundi anavuta wenzo kwa mkono, na vile vyuma vikubwa vinasimama, vinatulia, kisha vinaanza kuzunguka kinyume. Ukiwa na mtoto mwenye akili ya ufundi, mwache hapo na umpelekee chakula. Usimwache aegemee vizuizi, lakini.

Hatua ya 9: Chakula na swala

Chumba cha kulia kiko chini na mnajipanga foleni. Kuna chakula cha moto, chai, keki. Foleni hurefuka mara tu baada ya kuondoka bandari kubwa, kwa hiyo kula mapema kidogo au chelewa. Nyama chukulia kuwa si ya halali mpaka uambiwe vingine, na samaki wa kukaanga uulize kama mafuta yake ni ya peke yake. Njia rahisi ni kubeba vyako: chapati za kukunja, mayai, sambusa. Zinaliwa vizuri baridi na hazimwagiki. Pilau kwenye hotpoti ni tamaa, na upepo wa Clyde hauheshimu sahani ya karatasi. Pombe ya kutoka nje hairuhusiwi.

Swala si tatizo kubwa. Kiangazi Adhuhuri ya huku huingia kama saa saba na robo mchana, na Magharibi ya mwezi wa sita hukaribia saa nne usiku, mkiwa mmesharudi. Kibla kutoka Uskoti ni kusini-mashariki, na dira ya simu itakupa, ila simama mbali na vyuma vikubwa unapoisoma, visije vikaivuta. Anayeshuka Rothesay ataswali nchi kavu kwa raha zaidi.

Hatua ya 10: Ukishuka Rothesay

Angalia saa ya kurudi meli, iandike, na rudi gatini dakika ishirini kabla. Meli haisubiri mtu aliyekwenda kununua aiskrimu.

Kwa muda mfupi nenda ngome ya Rothesay, iliyo hatua chache kutoka gatini. Ni ya duara, imezungukwa na handaki la maji, na Uskoti nzima hutaona nyingine ya umbo hilo. Cha pili, msicheke, ni choo. Choo cha wanaume cha gatini ni cha mwaka 1899, chenye vigae vya rangi na mabomba ya shaba yanayong'aa, na watu huja kukipiga picha. Wanawake wakitaka kukiona wamwombe mhudumu kikiwa kitupu.

Mambo yakiharibika

*Safari imefutwa kabla ya kuondoka.* Utarudishiwa nauli yako ya meli. Treni na hoteli ni juu yako, ndiyo maana nauli za treni zinazoweza kubadilishwa zina maana hapa.

*Meli imebadilisha bandari kwa sababu ya upepo.* Sikiliza kipaza sauti na uwaulize mabaharia, kisha urudi kwenye orodha ya hatua ya 3. Kama kuna wenzako walipanga kupandia bandari iliyorukwa, wapigie mara moja, usingoje mtandao. Kyles kuna sehemu ndefu simu haishiki.

*Umeikosa Glasgow asubuhi.* Usikate tamaa. Meli inashuka mtoni polepole, na treni kutoka Glasgow Central inafika Greenock kabla yake. Piga simu ofisini, waambie utapandia Greenock, kisha kimbia. Kutoka kituo cha Greenock Central hadi gatini si mbali.

*Umeachwa Rothesay au Dunoon.* Kivuko na treni, kama ilivyoelezwa. Gharama ni yako. Angalia kivuko cha mwisho, hasa Jumapili.

*Kichefuchefu.* Ndani ya ghuba maji huwa matulivu. Shida huanza nje, kuzunguka kisiwa cha Ailsa Craig au upande wa Kintyre, mawimbi yakija ubavuni. Toka nje, kaa katikati ya meli, tazama nchi ya mbali na si simu. Dawa imezwe saa moja kabla, ukishaanza kutapika haisaidii. Tangawizi ya kutafuna kutoka nyumbani inafanya kazi yake.

*Mtoto amepotea.* Nenda kwanza kwenye injini. Karibu kila mara yuko hapo. Asipokuwepo, mwambie baharia yeyote mara moja, watatangaza. Kabla ya kupanda mpige picha na nguo za siku hiyo, na mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika haraka.

*Mvua imenyesha kutwa.* Kumbi za chini zitajaa, kwa hiyo shika nafasi mapema, na mmoja abaki akilinda viti kwa zamu. Mvua ya Clyde hupita kwa vipande, na dakika kumi baadaye unaweza kuuona mlima wa Goat Fell wa Arran, mita 874, ukiwa mkavu kileleni. Safari haifutwi kwa mvua, inafutwa kwa upepo, hivyo utabiri wa kuusoma siku moja kabla ni ule wa upepo.

*Meli imechelewa kurudi na treni yako imekwenda.* Mabasi ya usiku ya Edinburgh yapo, yanatoka stendi ya Buchanan. Kwa miji mingine, kama mko wanne au zaidi, teksi ya kuchangishana hadi Stirling au Ayr haiumi sana. Peke yako, tafuta kitanda.